Sanduku la Katapila

Jumamosi, 4 Aprili 1981

Leo nimekubali kazi ambayo Kawangware nzima hakuna fundi mwingine anaweza kuigusa. Si kujisifu. Ni ukweli, na ukweli ukisemwa na mwenyewe haupungui uzito.

Mteja ni Shivachi. Tunakaa naye chumba kimoja kule Gatwekera mwaka wa nne sasa. Yeye soja wa usiku, analinda lango la watu, mimi fundi wa mchana — kitanda hakipoi. Asubuhi amerudi kutoka kazini, badala ya kulala akakaa akizungusha kofia mikononi. Nikamwambia, sema buda, umefutwa ama umependa? Akasema: Baba anakuja Pasaka.

Hapo hata mimi nikakaa chini. Mzee Ingosi wa Shinyalu hajamwambia mwanawe neno moja tangu 1975. Sababu ni fahali. Kwao Isukha fahali wa kupigana si ng'ombe tu. Ana jina, ana nyimbo, na aliyemlea tangu ndama lazima atembee naye alfajiri mpaka uwanjani akimwita, maana ile sauti ndiyo nguvu yake. Fahali wa mzee aliitwa Katapila. Aliyemlea ni Shivachi. Siku ya kupambana na Gavana, fahali wa jirani, Shivachi hakuonekana! Alikuwa ndani ya basi anakuja Nairobi, eti ameitwa kazi. Katapila akatafuta sauti, akaikosa, akageuka, akakimbia mbele ya watu wote. Fahali akishakimbia hana maisha. Walimchinja wiki hiyo hiyo. Mzee hakuonja hata mchuzi.

Sasa Shivachi anataka kumpa baba yake kitu. Nikamwambia: sanduku! La karatasi zake za shamba na tumbaku. Na juu ya kifuniko, kichwa cha Katapila mwenyewe, kwa mbao za rangi zilizopachikwa, bila tone la rangi ya kopo! Akanitazama kama nimesema nitamfufua. Karibu nirudishe maneno. Lakini Phanuel Murunga harudishi maneno.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimeanza. Sanduku ni la mbao ya mzaiti, kona zote zimeumana kwa meno, msumari hata mmoja hakuna. Mzee Gachanja, mwenye ploti na mwenye hiki kibanda ninachofanyia kazi, akasimama mlangoni na tumbo lake. Wee Phanuel, hiyo ndogo hivyo ni nini, jeneza ya paka? Nikasema, ni nyumba ya fahali, mzee. Akaenda zake akitikisa kichwa.

Atashangaa akiona. Hajui nilikosomea. Ngara, kwa Kalasinga mmoja wa fanicha za matajiri. Niliandikwa kufagia. Miaka mitatu mikono ilifagia, macho yakasoma. Darasa la sita niliachia nyumbani, darasa la saba mpaka chuo nikamalizia kwa ufagio. Na takataka zake ndizo nilizokuja nazo hapa — gunia zima la vinia, zile mbao zilizopasuliwa nyembamba kama ganda la kitunguu.

Uso wa fahali utakuwa mvule. Pembe, jacaranda, maana ni nyeupe kama siagi. Pua, mpingo. Mpingo nimepewa na Mutie, yule Mkamba anayechonga twiga wa watalii. Malipo yake ni hadithi mbili za Mombasa. Moja hata ni ya kweli.

Jumatano, 8 Aprili

Leo kuchora. Kavetsa, dada yake Shivachi, ana kibanda cha chai kimeegemea changu, na chumba anacholala kiko nyuma ya ukuta wangu wa mbao. Yeye Katapila anamkumbuka vizuri kuliko mwalimu wake wa darasa la kwanza. Akasimama juu ya kichwa changu na birika mkononi, akiamuru. Doa jeupe kwa paji, lipanue. Sikio, lipasue kidogo. Na pembe! Ukimtazama usoni, ile ya upande wako wa kulia ilikuwa imelala chini mpaka shavuni. Usikosee hiyo, Phanuel. Gavana alikuwa kama pacha wake, rangi moja, doa moja, ila yeye pembe iliyolala ni ya kushoto. Watu waliwajua kwa pembe tu.

Nikamwambia, mama, umesimama mbele ya msomi.

Wateja wake wakajazana kutazama. Na watu wakijazana mimi mdomo hauna breki. Nikawapa ile ya kitanda cha mzungu wa Lavington, kilivunjika vipi na nilichokiona nilipoingia kukitengeneza. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai kwa kiatu. Mkono unachora, mdomo unatembea. Nilipoinua penseli Kavetsa akapiga kelele, Ndiye! Ndiye huyu! Akajifuta macho na aproni. Akasema ni moshi.

Alhamisi, 9 Aprili

Kukata. Vipande arobaini na kimoja, kwa msumeno wenye uzi wa chuma badala ya bapa. Unashika pumzi ukikata. Nilikuwa ndio nimemaliza tundu la pua la kushoto — likanijia chafya. Pua ikaruka! Asubuhi nzima kwa magoti kwenye vumbi la mbao. Saa sita Mzee Gachanja, aliyekuwa amekalia benchi langu asubuhi, akapita kwenda kula. Pua ya Katapila iko kwenye suruali yake, nyuma, palepale anapokalia. Nikamwomba asimame wima kidogo. Hakuuliza kwa nini. Mimi pia sikumweleza.

Jumamosi, 11 Aprili

Leo nimefanya uchawi.

Pembe bila kivuli ni kijiti tu. Ikiwa na kivuli inakuwa mviringo, unatamani kuishika. Na Kalasinga kivuli hakukipaka, alikichoma. Unapasha mchanga moto sana, unachomeka ukingo wa kipande humo, unahesabu mpaka kumi, unatoa. Ukingo umekuwa kahawia na unafifia taratibu kuelekea katikati. Shida moja, kikaango sina. Kavetsa anacho cha chapati. Kavetsa alikuwa ameenda kuchota maji. Mungu hutoa.

Nilikiosha! Naandika hapa ili siku ya hukumu isomwe. Nilikiosha na kukifuta. Lakini saa nne watu wa mjengo wakaja kula. Wa kwanza akauma. Akaacha kutafuna. Akauliza polepole, mama, hii ni chapati ama plasta? Kavetsa hakuuliza ni nani. Mwiko ulinifikia mgongoni nikiwa tayari nje, nikakaa kwa Mutie mpaka hasira zikapoa.

Lakini ile pembe! Imelala kama imechoka. Nimeitazama mpaka nikaogopa itatikisika.

Jumapili, 12 Aprili

Shivachi alikuwa na usiku wa kupumzika, kwa hiyo leo tumekuwa wote chumbani. Anajifunza atakachosema. Akaniomba niwe baba yake, afanye mazoezi.

Nikavaa koti, nikakunja uso, nikakaa kitandani. Akaingia. Baba, habari ya safari? Mimi kimya, natazama ukuta. Baba, nyumbani hawajambo? Kimya. Nilifanya vizuri sana, kama kawaida yangu. Nilipogeuka kucheka nikaona midomo inamtetemeka. Nikalivua lile koti haraka.

Baadaye tukila nikamuuliza, kwani ile kazi uliyoitwa 1975 ilikuwa ya nini? Akamega ugali, akauweka chini.

Hakukuwa na kazi, akasema.

Sikuuliza tena. Mimi! Sikuuliza.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua tangu alfajiri, na leo ndiyo siku ya gundi. Gundi ya ngozi, ile ya kuchemsha. Inanuka kwato lakini inashika kuliko mama mkwe. Vipande vyote nilikuwa nimevipanga juu ya mchoro wangu na kuvishikiza hapo. Leo nimepaka gundi kwenye kifuniko, nikavigeuza kifudifudi juu yake, karatasi ikabaki juu. Sasa kinachotakiwa ni uzito, na upesi, kabla gundi haijapoa.

Klampu, vile vibano vya kukaza mbao, ninazo mbili. Nilihitaji sita. Nikaweka ubao juu, nikaweka mfuko wa misumari, bado. Ndipo Mzee Gachanja akaingia kukimbia mvua. Mzee yule ana mwili! Nikapangusa ubao. Nikasema, mzee, kwenye kibanda chako mwenyewe utasimama kama mpangaji? Kaa hapa, kiti cha heshima.

Alikaa saa mbili. Amesikiza kesi ya choo ya wapangaji wawili, amekunywa chai, amekemea mbuzi. Alipotaka kuinuka nikamuuliza baba yake alipataje hili shamba zamani. Hiyo ilimkalisha saa ya pili. Klampu bora niliyowahi kutumia, na inajilisha yenyewe.

Jumatano, 15 Aprili

Nimelowesha karatasi. Nimeikwangua.

Pembe iko kushoto.

Mungu wangu. Pembe iliyolala iko kushoto!

Naandika polepole nielewe. Ukipanga vipande juu ya mchoro halafu ukavigeuza, kulia kunakuwa kushoto. Kalasinga aliimba hilo kila siku kama sala: chora kinyume, chora kinyume! Nilijua. Hata siku ile penseli ikiwa mkononi nilijua. Ila nilikuwa nimefika pale kitanda cha mzungu kinapovunjika, watu wanacheka, na mkono ukaenda na njia yake.

Sikumtengeneza Katapila. Nimemtengeneza Gavana. Gavana aliyemfukuza! Na ametoka mzuri ajabu, mbwa huyu.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimekuwa mgonjwa leo. Nimemwambia Kavetsa ni malaria. Sanduku nimelifunika gunia.

Gundi hii ikipata joto huachia, kwa hiyo nikaazima pasi ya makaa, nikaweka kitambaa kibichi, nikabonyeza ukingo mmoja. Jacaranda ikaanza kupasuka kwa sauti ndogo, kama mtu anavunja kidole. Nikaacha. Nikiendelea nitabaki bila fahali yeyote.

Nimetafuta uongo siku nzima. Mimi, ghala la uongo! Kwamba mzee atazame kwa kioo. Kwamba fahali amechorwa akiwa amesimama kwa nyuma, anageuka. Kwamba Nairobi tunahesabu kulia kuanzia kushoto. Kila mmoja nilijijaribia, kila mmoja ukanicheka.

Kavetsa akaja na uji wa mgonjwa. Mgonjwa ameshika msasa. Akafunua gunia. Alilitazama mpaka uji ukapoa, halafu akasema: Mwambie Shivachi kesho. Usipomwambia wewe namwambia mimi, na mimi sitachagua maneno.

Ijumaa Kuu, 17 Aprili

Nimemwambia. Nilimleta kibandani, nikafunua, nikaanza kueleza mambo ya karatasi na kugeuza. Maneno yangu yakawa mengi mno, nikayasikia mwenyewe, nikayakata. Nikasema: Nilikuwa napiga domo. Nimekuharibia.

Nilitaka anitukane. Hata ngumi nilikuwa tayari, nilishachagua shavu.

Akainama karibu na kile kifuniko mpaka pumzi yake ikafanya ukungu juu ya mbao. Akasema, ni Gavana. Akatoka, akasimama nje kwenye matope karibu nusu saa. Watu walikuwa wanapita kutoka kanisani, wanamsalimu, haitiki. Aliporudi alisema maneno mawili tu.

Piga polishi.

Nikauliza kwa nini. Akasema tena: Piga polishi, Phanuel.

Jumamosi, 18 Aprili

Mzee amefika. Mwembamba, mrefu, kofia haitoki kichwani. Analala kwa Kavetsa. Amenishika mkono na kuniuliza ukoo wangu mpaka babu wa tatu, amecheka utani wangu mara mbili, nimempenda.

Lakini mwanawe! Shivachi kaingia, kainama, baba habari ya safari. Mzee akanigeukia mimi: Mwambie huyo amenizibia mwanga. Shivachi yuko hatua moja kutoka kwake! Nikamgeukia: anasema unamzibia mwanga. Akasogea. Mwambie huyo chai imwagwe, ina moshi. Mwambie huyo mlango uvute. Siku nzima nimekuwa posta. Na Shivachi anajibu vivyo hivyo, mwambie baba sawa. Nikamwomba Kavetsa tupokezane, koo limekauka. Akasema amefanya kazi hiyo kila Krismasi anapoenda nyumbani, ni zamu yangu.

Polishi nimepiga mara saba. Kucha ikipita juu ya viungo haikwami popote. Hiyo najisifu, hata leo.

Jumapili ya Pasaka, 19 Aprili

Naandika saa hii hii, nimekaa juu ya benchi langu la kazi. Ukuta ni wa mbao, na mzee na Shivachi wako upande wa pili. Kavetsa yuko hapa na mimi. Naandika upesi.

Baada ya kanisa tulikula. Kuku, ugali, mzee kapewa firigisi. Kisha Shivachi akaleta sanduku limefungwa na gazeti, akaliweka mezani mbele ya baba yake kwa mikono miwili. Mzee akaniambia, mwambie huyo nimeona. Akafungua gazeti, akalikunja vizuri kwanza, likawa dogo. Ndipo akatazama.



Nani ameleta Gavana kwenye nyumba ya mtoto wangu? Alimuuliza nani sijui. Aliuliza paa.

Nikasimama. Nikafungua mdomo niseme ni mimi, mzee, mdomo huu huu. Shivachi akanitangulia! Ni mimi, baba. Mimi ndiye nilimwelekeza fundi pembe ya kushoto.

Mwongo! Na kwa ajili yangu!

Mzee akanigeukia: Mwambie huyo alimlisha Katapila kwa kiganja tangu ndama. Hawezi kusahau pembe. Nikageuka kupeleka ujumbe, ila Shivachi hakuungoja. Akasema moja kwa moja, sijasahau. Hakukuwa na kazi Nairobi, baba. Jioni ya kuamkia pambano nilienda kumwangalia Gavana kwa boma lao. Nikaona anavyochimba ardhi. Nikajua atamtoboa Katapila mbele ya macho yangu, na mimi ndiye nitakuwa nimempeleka nikimwimbia. Huyu hapa ndiye niliyemkimbia.

Mzee akaweka kidole kwenye ile pembe. Akakipitisha polepole, huku na huko, anatafuta kiungo. Akaniuliza, fundi, umeunganisha wapi, mbona sisikii? Nikamwonyesha kwa ukucha.

Akasema, mwambie huyo— akasita. Kavetsa akanitazama. Nami nikamtazama Kavetsa. Ndipo wazo likanijia. Nikasema kwa sauti, mama, naona maji ya chai yanamwagika huko nje! Nikamshika mkono, tukatoka, nikauvuta mlango nyuma yetu. Maji hakuna. Hata moto haujawashwa. Sasa ndani hakuna posta.

Kimya.  Kiti kimelia kidogo.

Mzee amesema, kwa Kiisukha chao, ambacho nakisikia vizuri: Mwambie huyo—

Hakuna wa kumwambia! Kavetsa amejiziba mdomo kwa aproni. Mabega yanamtikisika, sijui ni kicheko.

Jirani anafungua redio, nimemrushia kipande cha mbao.

Sanduku limefunguliwa, hiyo ni bawaba yangu, naijua sauti yake. Limefungwa. Limefunguliwa.

Wewe, amesema mzee.

Wewe! Si huyo.

Usiku ule ulipita njia gani? Tulikutafuta mpaka mtoni, na taa.

Shivachi anajibu, chini sana, sisikii. Nasikia tu mzee akisema, eh. Halafu, eh. Halafu, na miguu peku? Kavetsa ameweka sikio kwenye ufa. Ananipiga kwenye goti, anasema hii penseli yako inakwaruza, Phanuel, wacha kuandika, tusiki—